Bodi ya kuchorea ya LED kwa kupiga flati, uzoefu wangu hapa Jinja

Nimeikalia hii bodi, ninayoitumia kupiga flati za kusahihisha picha zangu za nyota, muda mrefu kabla ya kuandika maana sikutaka kusifu kitu cha wiki moja afu kinizimikie, sasa naona imetosha niseme. Nyota nne kati ya tano. Ile moja nimeikata kwa sababu ya kitufe, nitafika huko.

Bodi yenyewe ni ile nyembamba ya saizi ya A4 inayowaka nyeupe, watu wa kuchora wanaweka karatasi juu wanafuatisha mistari. Nilichukua Nasser Road Kampala, duka la vitu vya uchapishaji, elfu tisini baada ya kubembelezana. Dada wa dukani akaniuliza, "Ssebo, we unachora nini?" nikamwambia nachora vumbi, akacheka akaniongezea na waya wa USB. Na kweli ni vumbi. Flati ni picha ya mwanga ulio sawa kila mahali, kwa hiyo chochote kinachoonekana humo ambacho si sawa, giza la kwenye pembe, vile viduara vya vumbi, pikseli zinazopokea mwanga tofauti na wenzake, hicho si cha mbinguni ni cha vyombo vyako, na programu inachukua picha yako ya nyota inaigawanya kwa hiyo flati. Inagawanya, haitoi. Hapo ndo wengi wanachanganya, wanaenda kwenye ile sehemu ya kusafisha bakgraundi wanafuta giza la pembeni wanasema imeisha, wakati kusafisha bakgraundi kunaondoa tu mwanga ulioongezeka kama taa za mji, lakini lenzi iliyopunguza mwanga pembeni imepunguza na nyota zenyewe, hiyo huwezi kuirudisha kwa kutoa.

Kwa nini sipigi flati kwa kutumia anga la jioni kama wenzetu wa Ulaya? Sisi tuko karibu na ikweta bwana, jua linashuka wima, likishazama unabaki na dakika 20 na kidogo giza limeshaingia, na zile ambazo mwanga unafaa ni chache zaidi, hapo bado hujafokasi, bado wingu halijapita kutoka ziwani. Fulana nyeupe juu ya darubini inasaidia ila bado unategemea hilohilo anga. Bodi inapiga flati hata saa nane usiku ukishamaliza kazi, kamera haijaguswa, fokasi ileile, haijazungushwa, na hilo ndilo sharti kubwa kuliko yote.

Mi natumia kamera ya Canon 600D na darubini ya milimita 80 f/6 (yaani urefu wa fokasi ni mara 6 ya upana wa lenzi). Cha kwanza nilichokipima ni ule mwanga wenyewe kama hauchezi. Kitufe cha kupunguza mwanga hakipunguzi umeme kwa kweli, kinawasha na kuzima taa haraka haraka mpaka jicho linadanganyika. Jicho ndio, kamera hapana! Nilipiga makusudi kwa 1/1000 ya sekunde, ikatoka mistari ya giza na mwanga imelala picha nzima, kwa sababu kwenye spidi hizo shata ya Canon inapitisha kimwanya tu juu ya sensa (600D ikipita 1/200 ndo inaanza hivyo) na kila kimwanya kinakuta taa iko kwenye hali yake. Nikapiga tena sekunde 1, safi kabisa. Kwa hiyo sheria yangu, bodi iwake mwanga wa juu kabisa, ukishafika hapo kitufe usikiguse tena, punguza kwa kuweka kitu juu mpaka eksposha ifike sekunde moja au zaidi. Mwanzo niliweka karatasi za A4 za kawaida, zinafanya kazi ila unyevu wa hapa ziwani unazikunja usiku na mkunjo ni kivuli. Kilichokuja kunifaa ni kipande cha perspeksi nyeupe ya maziwa, ile ya mabango ya maduka, mafundi wa mabango wanatupa vipande kila siku, omba tu. Inapunguza mwanga na pia inausambaza, vitu viwili kwa bei ya soda.

Jambo la pili, je bodi ni sawa kila mahali? Si sawa, tusidanganyane. Taa zake ziko ukingoni, upande wa zile taa una nguvu kidogo. Jinsi ya kujua: piga flati, zungusha bodi nyuzi 90 kamera usiiguse, piga tena, gawanya moja kwa nyingine kwenye Siril, programu ya kuchakata picha za nyota. Ikitoka kijivu tupu umeshinda. Ikitoka mteremko wa mwanga, ule ni wa bodi, maana vya darubini havijahama. Yangu bila perspeksi mteremko ulionekana wazi, na perspeksi ukabaki wa kutafuta. Bado mimi nazungusha bodi kila baada ya picha kadhaa, napiga 40 kwa jumla nazichanganya, mteremko unajiua wenyewe. Kamera naiweka Av, yenyewe inachagua muda wa eksposha, kilima cha histogramu (ile grafu ya mwangaza wa picha) kikae katikati.

Na msisahau kutoa bayasi kwenye flati (bayasi ni picha ya gizani ya muda mfupi kabisa, inayoonyesha kile kamera inachoongeza yenyewe), kama pembe za picha zako bado zinabaki na giza kuliko katikati, mara nyingi ni hapo pa kuangalia kwanza, sio bodi. Kwenye Siril weka pia tiki kwenye Equalize CFA, inayosawazisha rangi za flati, kwa sababu LED nyeupe ina bluu nyingi na nyekundu kidogo, usipoweka picha inaweza kugeuka rangi.

Raha nyingine ya flati nzuri ni kwamba inakuambia vumbi liko wapi. Chukua upana wa kiduara kwa pikseli, zidisha kwa saizi ya pikseli, zidisha kwa namba ya f, unapata umbali wa vumbi kutoka kwenye sensa. Kwangu pikseli 40 mara mikroni 4.3 mara 6 ni kama milimita 1, basi uchafu uko kwenye kioo cha sensa, sihangaiki kufuta lenzi bure.

Matokeo sasa. Nebula ya Carina, wingu la gesi huko angani, kutoka hapa haipandi zaidi ya nyuzi 30 hivi, iko kusini juu ya ziwa ambako kuna giza zuri, naipiga mwezi wa pili usiku wa manane kabla ya mvua. Ukungu wake hafifu wa pembeni ulikuwa unapotelea kwenye giza la lenzi, sasa unafika mpaka ukingo wa picha. Mwanga wa mji unaotokea kaskazini bado upo, huo flati haihusiki, huo ndo wa bakgraundi.

Mabaya yake. Kitufe ni cha kugusa na hakikumbuki, ukichomoa inarudi mwanga wa kati, lazima ubonyeze tena gizani na vidole vina umande. Tundu la waya limelegea. Halafu wadudu wa ziwani, banange! Ukiwasha tu wanakuja wote na wanakaa palepale juu ya perspeksi, kwa hiyo funika bodi kwanza, iegemeze kwenye mdomo wa darubini, ndo uwashe. Pawabenki ya kawaida inaiendesha bila shida, umeme ukikatika hata hujui.

Mwenye darubini ya inchi 8 kwenda juu asinunue A4. Sehemu inayowaka haifiki ukingo wa bodi, mdomo wa darubini utabaki umefunikwa nusu nusu. Tafuta A3.