Kongamano la kuku Kisumu: nilinyang'anywa maiki

Nyota mbili. Nilianza na moja, nikaongeza, na huenda nikaishusha tena kabla sijamaliza kuandika.

Lilikuwa kongamano la wafugaji wa kuku, siku mbili, si zamani sana. Waandaaji siwataji, na hoteli naiacha. Mandazi yao hayakuwa na kosa. Kiingilio nilituma kwa M-Pesa, na si pesa ndogo kwa mtu mwenye kuku 38. Majuma kadhaa kabla, walitutumia fomu kwenye simu: "Unatarajia kujifunza nini?" Nikafurahi. Nikaketi jikoni usiku nikaandika kwa utaratibu: chanjo ya kideri, ule ugonjwa wa kuku, naipata kwa chupa ya dozi 100, ikishachanganywa inatakiwa iishe ndani ya muda wa saa mbili, na mimi nina kuku 38. Zile 62 nimpe nani? Kilichonitoa Kakamega ni hicho tu.

Nilipanda matatu alfajiri, Chavakali tukapita na giza, Kondele nikachukua tuktuk. Ratiba ilisema tunaanza saa mbili na nusu. Tulianza saa tano, kwa sababu mgeni wa heshima alikuwa "njiani". Alipofika tukasimama, akahutubia habari za barabara, akaondoka na nusu ya viti vya mbele. Akafuata kijana wa vifaranga na projekta yake: mabanda ya kuku 5,000, taa zinazojizima zenyewe. Mama aliyekaa kando yangu akaniinamia akauliza kama kweli tumeingia ukumbi wetu.

Hatimaye maswali. Dakika kumi, ukumbi mzima. Niliinua mkono hadi bega likauma. Maiki ikanifikia, nikasalimu watu kama mtu aliyelelewa, nikafika pale pa "chupa ya dozi mia", mara emsii huyo. Akaishika maiki kwa juu, vidole vyake juu ya vyangu.

"Mama, tufupishe. Chakula kinapoa."

Watu wakacheka. Nikavuta, naye akavuta. Nikaachia. Kijana wa umri wa kitinda mimba wangu! Akatangaza kwamba wenye maswali waandike kwenye karatasi, wahudumu watakusanya. Niandike mara ngapi? Si nilishaandika kwenye fomu yao wenyewe? Kama hakuna aliyeisoma, walituuliza ili iweje? Hata sisi wa chama tukipanga sherehe ya mtu mmoja tunauliza nani hali nyama, na tukiambiwa tunapika maharagwe.

Na chakula nilikikuta kimepoa. Mluhya mzima nimeketi na paja la broila baridi mkononi, swali la kuku bado liko kooni. Msiniambie Kisumu haijui kupokea wageni. Mji huu ulipokea Africities Mei 2022, mkutano wa miji ya Afrika nzima.

Sasa hiyo nyota ya pili. Nilitoka nikaketi kwenye ngazi za nyuma, nimenuna. Mzee mmoja akaja na kikombe chake cha chai, akaniambia, "Mama, nimesikia ulikokuwa unaelekea." Alikuwa afisa wa mifugo, sasa amestaafu, huku kwetu kila aliyeshika sindano ya ng'ombe ni daktari, kwa hiyo nami nikamwita daktari. Akachora juu ya kitambaa cha karatasi: nyumba tano, kila moja na idadi ya kuku. Mchange chupa moja. Siku ya kuchanja, kila mtu asiwafungulie kuku wake asubuhi. Chanjo ibebwe kwenye chupa ya chai yenye barafu, ichanganywe mkishakuwa tayari, tone moja jichoni, mzunguke nyumba hadi nyumba mbio mbio. Anayeonekana mgonjwa aachwe. Baada ya miezi 3 mrudie. Robo saa, na nilikuwa nimepata kila nilichokuja kutafuta. Nikamshukuru hadi akaona haya. Kitambaa kile bado ninacho, kina doa la chai karibu na nyumba ya tatu.

Tumeshachanja, nyumba sita. Jirani mmoja alisahau akafungulia kuku wake, tukawakimbiza kwenye mahindi huku muda unaisha.

Kwa hilo nilitaka niwape hata nyota nne. Lakini nikiwaza vizuri, mzee yule hakuwa kwenye ratiba. Alikuja kama mimi, kwa kulipa kiingilio, na wala maiki hakupewa. Hizo nyota ni zake, si zao. Basi nawarudisha kwenye moja.

Juzi wametuma fomu nyingine: "Unatarajia nini mwaka ujao?" Sijaijaza. Ila nitaenda, maana daktari amesema atakuwepo.