Steshenari ya kudurufu mitihani Rangi Tatu: ruzuku ikija pungufu katikati ya mwaka, hapa ndo inapoonekana

Rivyu hii ni kwa walimu wenzangu wa taaluma wa huku Dar es Salaam, Mbagala, Chamazi mpaka Kongowe, na wazazi pia someni maana hela zenu zinapita pale. Ni kasteshenari kadogo tu Rangi Tatu, ukitoka kituoni unaingia ndani kidogo, mlango mmoja, mashine mbili za kutolea kopi, rizo moja, kompyuta moja, na dada mmoja mwenye duka anayejua mitihani ya shule kuliko baadhi ya watu wanaotukagua. Naipa nyota nne na nusu na nitasema kwa nini, na hiyo nusu nimeinyima kwa nini.

Kwanza kazi yenyewe. Pale kinachowatofautisha na steshenari nyingine ni rizo. Kama hujui rizo inavyofanya kazi, ile mashine inachoma masta moja, yaani karatasi maalumu inayobeba kivuli cha ukurasa, kwa kila ukurasa, halafu baada ya hapo inatema karatasi kwa kasi mpaka unaogopa, na wino wake ni wa bei nafuu kuliko tona ya kopi. Sasa masta bei yake ni ile ile utoe nakala ishirini au mia tano, kwahiyo rizo inalipa ukiwa na darasa kubwa, na sisi Mbagala madarasa makubwa ndo tunayo. Dada wa pale ukimpelekea mtihani wa mkondo mmoja wenye watoto wachache anakwambia mwenyewe "mwalimu hii tusiweke rizo utapata hasara, nikutolee kopi ya kawaida". Wengi mjini hawakwambii hivyo, wanachoma masta wanakuandikia bei basi.

Karatasi pia anakuuliza, unataka ya gramu 70 au 80. Ya 70 ni rahisi ila ukiprinti mbele na nyuma wino unatokea upande wa pili, mtoto wa darasa la pili anaangalia picha ya ng'ombe kumbe nyuma yake kuna jedwali la kujumlisha limejitokeza limepita katikati ya ng'ombe, hajui ajibu nini. Nimewahi kuona karatasi ya namna hiyo mtoto kaandika "nyumba" na ukiitazama vizuri kweli inafanana na nyumba, mistari imekatiza. Ukimsahihishia amekosa unamwonea.

Na hapa sasa niingie kwenye jambo lenyewe maana huwezi kuisifia au kuilaumu hii steshenari bila kuongelea ruzuku, yaani hela ya uendeshaji ambayo serikali inaipa shule kwa hesabu ya wanafunzi.

Ruzuku ya shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, sekondari 25,000. Kile kiwango cha msingi kina umri mrefu, kimetoka enzi za MMEM, ule Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ulioanza 2002, wakati huo kilihesabiwa kama dola kumi za Marekani. Katika ile elfu kumi, elfu nne inabaki juu serikalini kwa ajili ya vitabu, inayoshuka shuleni ni elfu sita, yaani mia tano kwa mtoto kwa mwezi. Rimu moja ya karatasi pale dukani mara ya mwisho nimenunua 12,000. Sasa piga hesabu mwenyewe, ruzuku ya mtoto mmoja ya mwaka mzima, hata ukiijumlisha na ile ya vitabu, hainunui rimu moja.

Tangu Januari 2016 elimu ilipokuwa bila ada hela inaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya shule, na hilo ni jambo zuri sana nalisema kwa moyo wote, maana zamani ilikuwa inapita mikono mingi na haifiki nzima. Shule yenye watoto 1,400 ikija kamili ni laki saba kwa mwezi. Kamati ya shule inakaa, inapanga, kiasi hiki LUKU, hiki maji, hiki chaki na madaftari ya maandalio, hiki matengenezo, hiki michezo, hiki mitihani, inaingizwa kwenye mfumo na kila mtu anarudi kwake anajua mwaka umepangwa.

Shida ni ikikatwa katikati. Mwaka wa shule unaanza Januari ila mwaka wa serikali unaanza Julai mosi, kwahiyo katikati ya mwaka wetu ndo mwisho wa mwaka wao, na kwetu miezi hiyo ndo hela inapoyumba, mwezi mmoja inakuja pungufu, mwingine inachelewa. Pungufu ya Januari unaweza kuipanga upya, bado hujatumia. Pungufu ya Julai inakukuta umeshatumia, dawati umeshatengeneza, bili ya maji umeshalipa, na vile vilivyobaki huwezi kuvigusa, umeme huwezi kuukata nusu, choo kikiziba watoto 1,400 hawasubiri. Kinachobaki cha kukata ni karatasi. Kila mara ni karatasi, maana karatasi hailalamiki, hakuna mkaguzi anayekuja kuuliza mbona jaribio la mwezi wa saba halikufanyika.

Na mwezi wa saba ni wakati gani? Darasa la saba wanafanya mtihani wa taifa Septemba. Julai na Agosti ndo miezi ya kuwapigisha majaribio mpaka wazoee kukaa na karatasi, kusoma swali mpaka mwisho, kugawa muda. Masomo sita: Kiswahili, English, Hisabati, Sayansi, Maarifa ya Jamii, Uraia na Maadili. Watoto 180, kila mtihani karatasi mbili mbele na nyuma, hiyo ni karatasi 2,160, rimu nne na kitu, kwa jaribio moja la darasa moja. Bado la nne nao wana upimaji wa taifa. Ruzuku ikipungua hapo unafanya nini, unaandika maswali ubaoni. Umeshawahi kuandika mtihani wa hisabati ubaoni kwa watoto 90 kwenye chumba kimoja? Waliokaa nyuma hawaoni pembetatu, wa mbele wanamaliza kunakili dakika arobaini hawajajibu hata swali moja, na yule mwenye uoni hafifu anakaa tu anasubiri jirani amsomee. Necta, yaani Baraza la Mitihani, kwenye mtihani wenyewe wanamwandalia karatasi ya maandishi makubwa, ila shuleni maandishi makubwa yanakula karatasi mara mbili kwahiyo bajeti ikibanwa huyo ndo wa kwanza kuachwa. Inaniuma sana hiyo, sitaficha.

Sasa rudi kwenye steshenari. Huyu dada kipindi hicho ndo utamjua ni mtu wa aina gani. Unaingia na flashi yako anakuangalia usoni anauliza, "mwalimu, imeingia?" Unamwambia imeingia ila nusu dada angu. Hakufukuzi. Anakaa na wewe anaupanga mtihani upya kwenye kompyuta, anapunguza nafasi za katikati, mchoro anausogeza pembeni, karatasi mbili zinakuwa moja na nusu, na anahakikisha namba za maswali hazijakatika. Akishindwa kabisa anakupa kwa mkopo, anaandika kwenye daftari lake, jina la shule, rimu ngapi, masta ngapi, unasaini. Ukikaa pale asubuhi moja ya Julai utasikia shule tatu nne zinasaini daftari lile lile. Yaani pengo la hela ya shule za umma mtaani kwetu linabebwa na dada mmoja mwenye rizo moja, naye analipa kodi ya fremu, analipa umeme, anakopa wino. Namshukuru na wakati huo huo naona si haki kabisa, hii siyo kazi yake.

Najua mtu atasema si mchangishe wazazi. Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku walimu kukusanya michango na sababu yake tuliielewa, kuna watoto walikuwa wanarudishwa nyumbani kisa mchango. Tangu hapo michango ina utaratibu wake, ya hiari, kibali, kikao, muhtasari, na mpaka ukamilike jaribio la Julai limeshapita. Na mzazi wa Mbagala tayari anachangia uji, mlinzi, na sehemu nyingine mwalimu wa kujitolea. Umwongezee nini tena.

Na hii habari siyo yetu peke yetu. Jirani zetu Kenya, sekondari kiwango kilichopangwa ni shilingi zao 22,244 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na mwaka 2025 waziri wa fedha John Mbadi aliiambia kamati ya bunge kwamba haiwezekani kutoka yote, kinachowezekana ni kama 16,900. Wakuu wa shule kule walishapokea watoto na kukopa vyakula kwa wazabuni kwa hesabu ya ile 22,244. Kiwango kwenye makaratasi kinabaki kile kile, mkato unatokea njiani, na anayedaiwa ni mkuu wa shule.

Halafu wadau wa taaluma tukumbuke 2027. Watoto walioanza mtaala mpya wakiwa la tatu mwaka 2024 watamaliza la sita mwaka huo, na la saba wa mtaala wa zamani nao wanamaliza mwaka huo huo. Madarasa mawili ya mwisho kwa mara moja, majaribio mara mbili, rimu mara mbili. Kama kiwango ni mia tano ile ile na bado kinakatwa Julai, sijui daftari la yule dada litakuwa na kurasa ngapi. Hili linatakiwa lisemwe kwenye vikao sasa hivi, siyo Juni 2027.

Mapungufu ya duka sasa, maana rivyu ni rivyu. Foleni wiki ya mwisho kabla ya mitihani ya muhula haivumiliki na hakuna hata benchi, mnasimama mlangoni juani. Rizo yake ikipata moto kurasa za mwisho wino unafifia, kwahiyo kagua bunda la chini kabla hujaondoka, usikague la juu tu. Umeme ukikatika hana jenereta. Na usiri, yeye mwenyewe ni mwaminifu, karatasi zilizoharibika anazichana mbele yako na faili analifuta kwenye kompyuta ukiona, ila duka ni dogo mno na watoto wa sekondari wanaingia kutoa kopi wamesimama nyuma yako, mtihani uko wazi mezani. Hiyo nusu nyota nimeinyima hapo. Aweke hata pazia.

Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, anatoa bila kuombwa, na kwa shule hilo ni kubwa maana bila risiti hesabu zako hazifungi. Bei ya kudurufu inapungua ukienda na rimu zako mwenyewe. Nenda saa moja asubuhi au baada ya saa kumi jioni, Jumamosi anafungua nusu siku, na kama shule yako ina deni la Julai kwenye lile daftari, ruzuku ikiingia mpitie kwanza yeye kabla hujapeleka bajeti nyingine yoyote kwenye kikao.