Ununue kulanti ipi? Tumezipanga kuanzia ya kwanza hadi ya kuiacha dukani

Ukifika duka la vipuri ukasema unataka kulanti, yaani kimiminika cha kupozea injini, swali utakalokutana nalo ni moja: "Nyekundu au ya kijani?" Usilijibu. Rangi hutiwa na kiwanda kwa hiari yake, na hakuna kanuni inayoilazimisha nyekundu ya huyu ifanane na nyekundu ya yule. Dex-Cool ya General Motors ni ya chungwa, ya Toyota inayodumu sana ni ya waridi, Honda na Subaru wana bluu zao, na Volkswagen peke yake imepitia bluu-kijani (G11), nyekundu (G12) na zambarau (G13). Mchanganye G11 na G12 uone: rojo la kahawia ndani ya rejeta.

Kinachouzwa ndani ya dumu ni vitu vitatu: glaikoli (kimiminika kinachozuia maji yasigande wala kuchemka mapema), maji, na dawa za kuzuia kutu. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu huganda karibu na nyuzi −37 na huchemka karibu na 107, na mfuniko wa rejeta wa baa 1 (kipimo cha shinikizo) ukibana sawasawa, unavuka 125. Lakini hata anayeendesha mahali ambapo hapajawahi kuanguka barafu anaihitaji, kwa sababu ya zile dawa. Aluminiamu ya hedi, chuma cha bloku, solda, raba na plastiki, vyote vinaoga maji yale yale, na bila dawa, metali huanza kulana. Glaikoli haichakai haraka, dawa ndizo zinazokwisha. Kwa hiyo kulanti inaweza kuonekana safi kabisa kwenye kitanki cha akiba na bado ikawa imekufa.

Dawa hizo zina koo tatu, na herufi zake huandikwa kwenye lebo. IAT ni za zamani, zenye silika au fosfati: hukinga haraka, na baada ya miaka 2 hivi zimekwisha. OAT hutumia asidi za kikaboni: hukinga polepole ila hufika miaka 5 au zaidi. HOAT ni chotara. Wajapani huweka fosfati na kukwepa silika, wakihofia sili za pampu ya maji. Wazungu wengi hufanya kinyume, maana fosfati ikikutana na maji yao yenye chokaa hujenga ukoko. Kila mmoja aliitunga kulanti kwa injini yake, na ndiyo maana jina la gari lako lina uzito kuliko rangi.

1. Yenye idhini ya mtengenezaji wa gari lako, iliyokwisha changanywa

Si lazima iwe na nembo ya gari. Inayotakiwa ni namba ya kiwango. Fungua kitabu cha gari, tafuta ukurasa wa vimiminika, uinakili namba hiyo kwenye simu kabla hujatoka nyumbani. Volkswagen huandika TL 774 ikifuatiwa na herufi: G ni G12++, J ni G13, L ni G12 evo. Mercedes hutumia 325 kwa kulanti nzito, yaani isiyotiwa maji bado, na 326 kwa iliyochanganywa tayari. Kisha soma lebo kwa jicho la karani wa mahakama. "Imeidhinishwa kwa" maana yake mtengenezaji wa gari ameikubali. "Inafaa kwa" au "inapendekezwa kwa" ni maneno ya muuzaji mwenyewe kujisifia. Chupa nyingi huyapanga maneno hayo pamoja kwa herufi ndogo, ukipitisha macho tu unadhani yote ni idhini.

Bei yake huwa juu, ila igawe kwa kilomita. Ile ya waridi ya Toyota hubadilishwa mara ya kwanza kwenye kilomita 160,000, kisha kila 80,000, wakati nyekundu yao ya zamani ilikuwa ya kila 40,000 hivi. Dumu la bei nusu linalodumu robo ya muda halijakuokolea chochote, na fundi utamlipa mara nne.

2. Nzito ya kiwango hicho hicho, uchanganye mwenyewe

Kwa kawaida ni nafuu kwa kila lita unayopata. Na iko siku moja inaishinda namba 1: siku ya kusuuza mfumo mzima. Chukua injini yenye ujazo wa lita 7. Ukifungua rejeta tu, tuseme zinatoka 3.5, na nyingine 3.5 zimebaki kwenye bloku na hita. Umesuuza mpaka yanatoka maji matupu, umemwaga, halafu umejaza lita 3.5 za iliyochanganywa tayari. Umepata glaikoli ya robo tu, siyo nusu. Ungetia lita 3.5 za nzito, ungekuwa na nusu kwa nusu barabara. Mafundi wengi huikosea hesabu hii, kisha lawama anabeba mtengenezaji wa kulanti.

Usiijaze nzito peke yake ukidhani unaipa injini nguvu. Glaikoli tupu hubeba joto vibaya kuliko maji na huganda karibu na −13, kwa hiyo usivuke asilimia 70. Maji ya kuchanganyia yawe yaliyokenekwa, yale yanayouzwa kwa jina la maji ya betri. Hakikisha dumu si la asidi ya betri, maana hukaa rafu moja.

3. "Ya magari yote" kutoka kampuni inayojulikana

Inafaa kwa kuongezea safarini, au kwa gari ulilonunua mkononi bila kujua lilitiwa nini, mradi umesuuza kwanza. Lebo itasema miaka 5, lakini ikichanganyika na ya zamani iliyobaki mle ndani, ihesabie umri wa ile dhaifu zaidi.

4. IAT ya kijani

Kwa gari la zamani lenye rejeta ya shaba, hii ndiyo namba 1 na maneno yameisha. Kwa gari jipya ni ya kubanana tu. Wenye malori ya dizeli yenye silinda zinazozungukwa na maji wasiiguse wala hizo za juu kabla ya kusoma kitabu: mapovu hutoboa kuta za silinda zile, na kulanti yake ina dawa maalumu.

5. Maji matupu

Kwa dharura. Subiri injini ipoe kabla ya kufungua mfuniko, na usimimine maji baridi kwenye injini iliyochemsha, hedi inaweza kupasuka. Ukifika, mwaga ujaze kulanti.

6. Maji ya rangi yanayouzwa kama kulanti

Nimeyaweka chini ya maji ya bomba kwa makusudi. Aliyetia maji anajua ametia maji na atarudi kuyamwaga, aliyetia haya anatulia miaka miwili. Lebo haitaji glaikoli, haina namba ya kiwango wala kiwango cha kuganda, ina picha ya gari la mbio tu. Tone moja kwenye kipima-mwanga cha kulanti (refraktomita) linamaliza ubishi: msomo unakaa karibu na sifuri. Kumbuka tu kipimo hicho huona glaikoli, hakioni dawa za kutu. Kwa hizo kuna vijikaratasi vya kuchovya.

Unga na dawa za kuziba mivujo sijazipa nafasi. Zinaziba tundu, na zinaziba pia mirija ya hita.

Kabla ya kulipa, tazama mfuniko wa rejeta. Raba ikiwa imekakamaa, kulanti ya namba 1 itachemka mapema kama nyingine yoyote. Mfuniko mpya uwe na namba ile ile iliyochapwa juu ya wa zamani, 0.9 au 1.1 au yoyote iliyopo. Na ukikuta utando wa rangi ya maziwa kwenye kitanki, rudisha pesa mfukoni: hapo mtuhumiwa wa kwanza ni gasketi ya hedi.

Nunua lita moja ya ziada ya chapa hiyo hiyo kwa kuongezea. Kulanti uliyomwaga usiiache kwenye beseni wala usiielekeze mtaroni. Glaikoli ya ethilini ina utamu, mbwa na paka huilamba, mtoto huionja, na kiasi kidogo kinaharibu figo. Itie kwenye dumu lenye kifuniko, andika kilichomo, ipeleke karakana inayopokea vimiminika vichakavu.