Huduma ya kupima DNA ya mpungate: ute wameuweza, ripoti bado

Maabara siitaji jina, ila anayetunza mkusanyiko wa mipungate na kutaka kujua zipi ni aina tofauti kweli, haya yatamfaa.

Walichonifurahisha nacho zaidi ni kuudhibiti ute. Mpungate umejaa ute, na ukiambatana na DNA, PCR (njia ya kunakili DNA mara nyingi ili ipimike) hugoma. Waliniagiza nipeleke vipande vya mashina machanga, vilivyokaushwa kwa silika (chembe zinazofyonza unyevu). Wakatoa DNA kwa CTAB, kemikali ya aina ya sabuni, yenye chumvi nyingi, kisha wakaisafisha upya. Kila sampuli iliandikiwa uwiano wake wa 260/230, yaani kipimo cha usafi wa DNA kwa mwanga, na nyingi zilikaribia 2, dalili ya DNA safi. Maabara niliyoitumia kabla yao ilinirudishia kimiminika kizito kama uji, na maelezo ya maneno mawili tu: "sampuli mbovu".

Wanatumia maikrosatelaiti (sehemu fupi za DNA zinazojirudia, ambazo urefu wake hutofautisha mimea), si RAPD (njia ya kunakili vipande vya DNA bila kulenga sehemu maalumu), na hapo nawaunga mkono kabisa. RAPD ni nyepesi kuanza nayo, lakini badiliko dogo tu la mashine au kemikali huyumbisha matokeo. Halafu Opuntia ficus-indica, mpungate unaolimwa, ina kromosomu 88, yaani seti nane za 11. Alama moja, yaani sehemu moja ya DNA inayopimwa, inaweza kuonyesha aleli (matoleo ya sehemu hiyo) kadhaa kwa mpigo, na ni vigumu kujua kila aleli ina nakala ngapi. Hawa hawakubahatisha: waliandika aleli ipo au haipo, wakakokotoa ufanano kwa msingi huo. Huo ndio uaminifu ninaoutaka.

Ripoti ndiyo iliyoniudhi. Mipungate miwili, mmoja wa miiba na mwingine usio na miiba, imeandikwa "kloni moja", yaani nakala za mmea mmoja. Yawezekana, maana miiba peke yake haithibitishi undugu wala utengano, na zao hili hupandwa kwa vipande vya shina. Hata mbegu zake huweza kutoa miche iliyo nakala ya mama, kwa kuwa baadhi ya viinitete huchipuka kwenye tishu za mama mwenyewe. Lakini alama chache namna ile zinaruhusu kusema "hazijatofautishwa", basi. Mtu angeweza kung'oa mpungate wa pekee kwa sababu ya sentensi hiyo! Nilipowaandikia, walikubali kuongeza alama na kurudia sampuli zote mbili.

Nawapa nyota nne kati ya tano. Ukiwapelekea, dai data ghafi za urefu wa vipande vya DNA, na mmea mmoja upeleke mara mbili kwa namba tofauti. Majibu yakipishana, usipokee ripoti.