Loomio katika maamuzi ya chama chetu: uzoefu wangu

Chama chetu cha kuweka na kukopa kina wanachama Tanga, Dar es Salaam na Muscat, na kwa muda mrefu maamuzi yetu yalipitia kwenye kundi la simu, ambako hoja ya mkopo ilizama katikati ya salamu na rambirambi, hata mwenyekiti akalazimika kukisia wengi wameamua nini. Sasa tunatumia Loomio, programu ya kujadiliana na kupiga kura, na ninaipendekeza kwa dhati kwa chama chochote ambacho wanachama wake wametawanyika.

Programu hii ya intaneti ilianzia Wellington, New Zealand, mwaka 2012. Baadhi ya waanzilishi wake walikuwa wameshiriki vuguvugu la Occupy, la maandamano ya kupinga pengo kati ya matajiri na wengine, mwaka uliotangulia, na walitafuta njia ya watu wengi kuafikiana bila kulazimika kukaa mahali pamoja. Waliiunda chini ya ushirika wa wafanyakazi, na msimbo wake, yaani maandishi ya kiprogramu yanayoiendesha, uko wazi kwa yeyote kuutumia, kwa hiyo chama chenye mtaalamu kinaweza kuisimika kwenye seva yake chenyewe.

Mwanachama hufungua mjadala, na hoja zikishakomaa huandikwa pendekezo lenye tarehe ya kufungwa. Kila mmoja anaweza kukubali, kukataa, kutofungamana na upande wowote, au kuzuia, yaani kutamka kwamba jambo hilo litakidhuru chama. Mtu anaruhusiwa kubadili kura yake kabla ya tarehe hiyo. Pembeni ya kura pana nafasi ya kuandika sababu, na kwangu mimi hapo ndipo penye manufaa makubwa kuliko yote.

Tulipokuwa tunajadili kununua kiwanja kwa fedha za akiba, tulichagua matokeo yafichwe mpaka kura ifungwe, kwa kuwa katika vikao vyetu anayetangulia kusema, hasa akiwa mtu mzima anayeheshimiwa, wengine humfuata hata kama wana shaka. Majaribio ya mwanasaikolojia Solomon Asch nchini Marekani katika miaka ya 1950 yalionyesha kwamba watu wengi huweza kukubaliana na wenzao hata katika jambo ambalo macho yao wenyewe yanalikanusha. Kura ilipofungwa, zilionekana sababu za watu ambao sijawahi kuwasikia wakichangia kikaoni. Dada mmoja aliyeko Muscat alikataa, akaeleza kwa utulivu kwamba hati haijahakikiwa ofisi ya ardhi na kwamba malipo yote yanatakiwa kwa mkupuo mmoja. Pendekezo liliandikwa upya likiwa na masharti hayo mawili, na katika awamu ya pili likapita bila mtu kuzuia.

Kwa dharura hatuitumii. Msiba au ugonjwa unahitaji simu. Wazee wasio na barua pepe hupigiwa na katibu, ambaye huandika maoni yao kwenye mjadala kwa idhini yao, na kazi hiyo inataka katibu mwaminifu na mwenye subira. Pia tumekubaliana kwamba mambo madogo yaamuliwe na kamati, kwa sababu wanachama wakiitwa kupiga kura kila mara huchoka na kuacha kusoma hoja.

Baada ya kura, katibu huandika uamuzi pamoja na jina la atakayeutekeleza, nao hubaki chini ya mjadala uleule, mahali ambapo mwanachama mpya anaweza kuusoma pamoja na sababu za waliokataa.