Gereji ya Buruburu kuwa bedsita: nampa kontrakta nyota tatu

Nyumba yetu ya Buruburu, Nairobi, ni ya miaka ya 1970, na gereji yake haijaona gari tangu nijue kusoma. Mpangaji wa nyumba ya mbele alikuwa ameijaza magodoro mabovu. Mwaka jana nikaamua iwe bedsita, yaani chumba kimoja cha kupangisha chenye choo chake ndani.

Ramani ilipita kaunti kwanza. Kanjo, yaani askari wa kaunti, walikuja mara mbili, wakaona karatasi, wakaenda zao. Kontrakta nilielekezwa na jirani. Kwa kuta sina neno: lango liling'olewa Jumatatu, kufikia Ijumaa mawe yamepanda na dirisha limekaa. Hapo ni nyota tano.

Taabu ilianzia chooni. Sakafu ya gereji humwagwa ikiinamia langoni, maji ya kuoshea gari yapate kutoka. Shimo letu la maji taka liko nyuma, upande wa jikoni. Bomba la inchi 4 hutakiwa lishuke sentimita 1 kila sentimita 40, kwa hiyo mita 8 zinataka sentimita 20. Kontrakta alililaza bila mteremko huo, akafunika kwa vigae, akadai salio lake. Wiki ya pili mpangaji mpya akanipigia saa kumi na moja alfajiri: "Mama, choo kinarudisha." Tukavunja vigae ambavyo havijapata hata doa. Sakafu ikainuliwa ili bomba lipate mteremko, na mabati nayo yakabidi yapandishwe safu moja ya mawe, la sivyo mtu mrefu angeoga ameinama.

Gharama ya marudio tuligawana nusu kwa nusu, baada ya kelele nyingi. Lakini alirudi mwenyewe na vijana wake, wala hakuzima simu. Wengi huzima.

Kosa langu pia lipo: niliuliza bei ya kila kitu, sikuuliza uchafu utaelekea wapi. Ningeanza upya, plamba angefika na pimamaji yake kabla ya fundi wa mawe.

Umeme nilimpa fundi mwingine. Aliweka sabmita ya tokeni, yaani mita ndogo ya mpangaji ya kulipia umeme kabla ya kuutumia, na waya wa milimita 6 kwa ajili ya shawa ya umeme, maana hiyo peke yake hula karibu kilowati 5.

Bedsita sasa inaingiza elfu tisa kwa mwezi. KRA, watoza ushuru, nao wanangoja asilimia 7.5 ya kodi yote ya nyumba ninayokusanya, hii na ya mbele, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Mpangaji wa mbele bado anauliza magodoro yake yalikwenda wapi.