Bangili ya shaba yenye sumaku: uzoefu wangu, na wa shangazi yangu

Nianze na bidhaa yenyewe, maana zipo za kila aina na watu huzichanganya. Yangu ni bangili ya shaba nyekundu, iliyoachwa wazi upande mmoja ili uibane au uitanue ikukae mkononi. Kila ncha imebandikwa kisumaku cha mviringo kwa gundi. Niliinunua Kariakoo kwa shilingi 15,000 baada ya kupatana; muuzaji alianzia 30,000 na alikuwa haoni haya. Hapa Tanga zipo pia, wamachinga wanazitembeza pamoja na pete na miswaki, ila nyingi nilizozishika ni chuma kilichopakwa rangi. Shemeji yangu anaendesha malori ya Kongo, yale yanayorudi na shaba hadi bandarini Dar, na yeye anasema za Lubumbashi zinazofuliwa kwa nyundo ni nzito zaidi na hazina mambo ya sumaku. Sijawahi kuivaa ya huko, kwa hiyo hapa nasema juu ya hii tu.

Kilichonipeleka ni kidole gumba. Mimi ni fundi cherehani na nimekata vitambaa kwa mkasi mzito tangu ujana. Shina la gumba la mkono wa kulia lilianza kuniuma, ikafika mahali kufungua chupa ya maji ni lazima niite mtoto. Fundi mwenzangu anavaa bangili. Shangazi anavaa. Hata kondakta wa daladala ninayopanda anavaa. Ukiwauliza, wote jibu lao ni moja: "Inavuta baridi." Mimi si mwepesi wa kuamini, lakini gumba likiuma namna ile, elfu kumi na tano huihesabu mara mbili.

Ndani ya kijifuko mlikuwa na kikaratasi. Kinasema bangili huondoa baridi yabisi, ganzi, kukosa usingizi, kisukari, presha ya kupanda na presha ya kushuka, na kwamba nguvu za kiume "hurejea kama awali". Kisukari na nguvu za kiume nilivipita, nimeshazoea, kila dawa ya barabarani inavitaja. Nilikwama kwenye presha. Kitu kimoja kishushe ya huyu na kipandishe ya yule, kitajuaje kimevaliwa na nani?

Maelezo ya kwenye hicho kikaratasi ni kwamba damu ina chuma, sumaku huvuta chuma, basi damu inatembea vizuri. Ukisikia mara ya kwanza unaona lina akili. Chuma cha kwenye damu ni kweli kipo, lakini kimefungwa ndani ya himoglobini na hakivutwi kama msumari. Aliyewahi kupigwa picha ya MRI amelala ndani ya sumaku yenyewe hasa, nyingi zina nguvu ya tesla 1.5 au 3 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), na kabla hajaingia alivuliwa funguo, saa, pini na kila kitu cha chuma kwa sababu vingeruka. Damu yake haikuruka popote. Sasa hiki kisumaku changu cha ukubwa wa punje ya dengu kitaivuta kwa nguvu gani?

Lakini pini kinaziokota, na hapo ndipo bangili hii ilipolipa pesa yangu. Pini za ushonaji zikimwagika sakafuni huwa nazitafuta kwa kupapasa, na kila mara moja hubaki ikamchoma mteja anayekuja kupima gauni bila viatu. Siku hizi nainama, napitisha mkono juu ya sakafu, pini zinarukia ncha za bangili zenyewe, nne tano kwa mpigo, zinaning'inia kama kuku wamedandia ukuti. Sindano ya mashine iliyovunjika nayo, kale kancha kadogo kasikoonekana, kanakuja. Kwa kazi hiyo tu ningeinunua tena.

Gumba je? Niliinunua Januari, wiki zile ambazo sare za shule zimetumaliza mafundi wote. Februari gumba likapoa. Nikamwambia kila mtu bangili inafanya kazi. Kisha zikaja oda za Idi, magauni ya mama na mabinti wa kitambaa kimoja, kanzu za baba na watoto, na gumba likawaka upya, bangili ikiwa palepale mkononi na haijavuliwa hata wakati wa kuoga. Idi ikapita, likapoa. Ukiyaangalia haya kwa macho makavu, maumivu yalikuwa yanafuata mkasi. Na nani ananunua bangili siku ambayo haumwi? Tunanunua maumivu yakiwa juu kabisa, na yakiwa juu kabisa hayana pa kwenda ila kushuka. Yanaposhuka, sifa anaipata aliyekuwepo mkononi.

Nadhani hapa ndipo wanapotukosea wale wanaotucheka kwamba tunaamini upuuzi. Mtu amevaa kitu, amepata nafuu, ameiona kwa macho yake. Hajadanganya. Nafuu ilikuja kweli.

Jaribio zuri kuliko langu lilimfika shangazi bila yeye kulitaka. Yeye ana baridi yabisi halisi, ile ya vifundo kuvimba pande zote mbili na asubuhi vidole havikunjiki. Bangili yake aliivaa miaka, imeshapauka na kushika umbo la mkono wake. Mjomba alipofariki, shangazi akakaa eda, na kama mnavyojua mwenye eda havai mapambo kwa miezi 4 na siku 10. Dhahabu akavua siku ileile. Ikabaki shaba, na nyumba nzima ikagawanyika: ni pambo au ni dawa? Wifi mmoja anasema dawa haina eda. Mwingine anasema inang'aa, basi ni pambo. Mwisho akatumwa mtoto kwa shehe wa mtaani. Shehe akajibu kwamba kama ni dawa isiyo na badala, abaki nayo. Kama moyo una shaka, aivue, ndiyo salama. Shangazi akaivua. Akaifunga kwenye kitambaa, akaiweka kabatini na pete zake.

Tukajiandaa kwa mabaya, maana eda ile iliangukia masika, na masika ndiyo adui yake. Mabaya hayakuja. Shangazi alipita mvua ile vizuri kuliko masika yoyote ninayoikumbuka. Ndani ya eda hakuteka maji, hakukuna nazi, hakukanda unga, na sisi mabinti tulikuwa tunamsimamia anywe vidonge vyake vya baridi yabisi, vya methotrekseti, ambavyo hunywewa mara moja tu kwa wiki na ni rahisi kuvisahau. Kwake ilikuwa Ijumaa, baada ya sala. Zamani alikuwa anaruka wiki, anasema bangili ipo.

Eda ilipokwisha, kitu cha kwanza alichokitoa kabatini ni bangili. Nikamwambia, "Shangazi, si umeona? Miezi yote hii hukuivaa na hukuumwa."

Akanitazama kwa huruma kidogo. "Mwanangu, ile ilikuwa imeshaacha dawa yake mwilini."

Utamjibu nini? Akivaa akapona, ni bangili. Akivua akapona, ni bangili iliyobaki mwilini. Akivaa akaumwa, ni baridi ya mwaka huu kali.

Kuhusu hilo la kuacha dawa mwilini, wanaolisema huonyesha ule ukijani kwenye ngozi. Ukijani ni kweli, mimi pia ninao jasho likizidi: shaba inakutana na chumvi na asidi za jasho, inafanya kutu yake, sabuni inaitoa. Shaba mwili unaihitaji, kiasi cha miligramu 0.9 kwa siku kwa mtu mzima, na mtu wa mwambao anaipata kwenye chakula bila kujua. Korosho zimejaa shaba, maini nayo, maharage nayo. Tena wagonjwa wa baridi yabisi mara nyingi damu yao hukutwa na shaba nyingi kuliko ya kawaida, kwa hiyo hata ingeingia, ingekuwa inaziba pengo gani?

Na watu wamelipima jambo hili sawasawa. Chuo Kikuu cha York, Uingereza, kilitoa matokeo mwaka 2013: wagonjwa 70 wa baridi yabisi walivaa vitu vinne kwa zamu, kila kimoja wiki 5. Kimoja mkanda wa sumaku kali, cha pili wa sumaku dhaifu, cha tatu mkanda uliotolewa sumaku kabisa, cha nne bangili ya shaba. Waliandika maumivu yao, na damu yao ikapimwa kuona uvimbe unapungua au la. Hakuna kilichoshinda kile kisicho na kitu. Watafiti hao walishafanya jaribio la namna hiyo mwaka 2009 kwa watu 45 wenye viungo vilivyosagika, jibu likawa lilelile. Nilimsomea shangazi. Akasema hao wa Ulaya hawana baridi ya huku.

Kisha nikamwambia la dhahabu, na hapo nilimpa silaha mwenyewe. Daktari Mfaransa Jacques Forestier alianza mwaka 1929 kueleza jinsi alivyowatibu wagonjwa wa baridi yabisi kwa sindano za chumvi za dhahabu, na kwa miongo mingi ilikuwa tiba ya hospitali kabisa. Iliwasaidia wengi, iliwaharibu ngozi na figo wengine, na mwisho ikapishwa na dawa kama hiyo methotrekseti. Shangazi akapiga makofi. "Mimi navaa shaba mnanicheka, kumbe wenzenu walijidunga dhahabu!" Hata sasa mtoto akiharisha, zahanati inampa maji ya ORS na vidonge vya zinki, na zinki ni madini. Kwa hiyo anayesema madini hayatibu naye anakosea. Ila dhahabu ile ilikuwa chumvi iliyoyeyushwa, imepimwa, imeingizwa kwenye msuli, na daktari anapima mkojo na damu kuona haijaleta madhara. Bangili haiingii popote. Shangazi alitaka kujua kama basi avae dhahabu mikono yote miwili. Nikamwambia kwa hilo hahitaji kisingizio cha dawa.

Yanayoingia mwilini ndiyo yananitia hofu zaidi kuliko bangili. Kwetu mwambao mtoto mchanga hupakwa wanja machoni, na wanja wa manga wa asili mwingi ni jiwe la madini ya risasi lililosagwa. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto na hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa salama. Bangili ukivua imetoka. Risasi haitoki kwa ndimu na sabuni.

Ubaya wa bangili ni pale inapokaa kwenye kiti cha dawa. Mama mmoja mtaani kwetu aliacha vidonge vya presha kwa sababu ya bangili kama hii. Hakuwa anajisikia vibaya, na presha haikwambii kitu. Alipimwa kwa bahati tu, kina mama walipopita nyumba kwa nyumba na mashine, namba ya juu ikasoma 190 na zaidi. Yuko hai, anameza vidonge, na bangili bado anaivaa. Mimi sikumwambia aivue. Nilimwambia ameze vidonge akiwa ameivaa.

Kwa upande wangu, daktari aliniambia gegedu ya shina la gumba, ule mto kati ya mifupa, imesagika kwa kazi. Alinipa kikinga cha kushikilia gumba, akanitaka nibadilishe mkasi. Nimenunua mkasi mwepesi wenye mpini mpana, na ule mzito nimemwachia kijana ninayemfundisha awe anakata nguo za jinzi. Nafuu niliyoipata hapo haijali kama ni msimu wa Idi au la.

Sasa kwa anayetaka kununua. Jaribu kwanza kwa sumaku, hata ya spika mbovu: ikiganda katikati ya bangili, hiyo ni chuma kilichopakwa. Kuisafisha ni kama sinia za shaba za bibi zetu, ndimu na chumvi, au ukwaju, suuza, futa. Mwenye kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo aachane na ya sumaku kabisa. Na kama una watoto wadogo, chunguza gundi. Kwenye yangu kisumaku kimoja kilibanduka, nikakikuta kwenye mkeka ambapo mjukuu anatambaa. Mtoto akimeza viwili, vinavutana ndani na kubana utumbo katikati, na hilo ni la kukimbizwa hospitali usiku huohuo. Kile kilichobanduka nimekigandisha chini ya mashine, kinashikilia sindano za akiba.